Kanga nzima kwenye kioo kimoja: Dell U2415 ubavuni mwa laptopu

Kanga ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110. Laptopu yangu ina kioo cha inchi 14, yaani sentimita 31 kwa 17 na ushee. Ukiondoa nafasi inayoliwa na vitufe vya programu juu na chini, kanga nzima inabakiwa na kimo cha sentimita 14, ambayo ni thumuni ya ukubwa wake halisi. Jina, yaani msemo wa kanga, lenye herufi za sentimita 4 kwenye kitambaa linaonekana kwa nusu sentimita. Korosho zilizochorwa kwenye pindo zinakuwa vidoa. Ukivuta karibu ili uchonge mkia wa korosho, mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, umeshatoka machoni, jina nalo limetoka, na huwezi tena kujua kama pindo limeuzidi mji uzito.

Kuchora kanga ndiyo kazi inayonilisha. Wateja wangu wengi ni wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam, na mara moja moja familia inayotaka sare ya harusi. Skrini ya pili niliitafuta kwa sababu hiyo moja tu: nione kitu kizima na kipande chake kwa wakati mmoja, bila kuvuta na kurudisha, kuvuta na kurudisha, mchana kutwa. Niliyoipata ni Dell UltraSharp U2415, ya mtumba, na nimefanya nayo kazi zaidi ya mwaka sasa. Wachoraji wenzangu wananiuliza kuhusu skrini hii kila wanapopita hapa nyumbani, kwa hiyo naeleza yote mara moja.

Nianze na umbo, kwa sababu ndilo lililonifanya niichague. Skrini nyingi za dukani leo zina pikseli 1920 kwa 1080. Hii ina 1920 kwa 1200. Hizo pikseli 120 za kimo ukizisikia kwa mdomo ni kitu kidogo, lakini kanga si ndefu na nyembamba kama sinema. Uwiano wake uko karibu na mraba kuliko skrini yoyote pana, hivyo kinachokwamisha siku zote ni kimo, si upana. Kioo cha U2415 kina sentimita 52 kwa 32. Nikiacha nafasi ya menyu, kanga inakaa kwa robo ya ukubwa wake, na ubavuni zinabaki sentimita 14 za kuwekea paleti ya rangi na orodha ya matabaka. Kutoka thumuni hadi robo. Herufi zile za nusu sentimita sasa zina sentimita nzima, na kosa la nafasi kati ya herufi na herufi naliona nikiwa nimeegemea kiti.

Kuna mapatano mengine ya umbo ambayo sikuyasoma popote kabla ya kununua, nayo yamenifurahisha kuliko yote. Tableti nyingi za kuchorea zina uwiano wa 16 kwa 10. Wacom Intuos ndogo, kwa mfano, ina eneo la kuchora la milimita 152 kwa 95. Ni uwiano uleule wa U2415. Ukiielekeza tableti kwenye skrini hii, duara unalochora kwa mkono linatoka duara kwenye kioo, na hakuna ukanda wa tableti unaobaki bila kazi. Ila lazima uielekeze. Ukichomeka skrini ya pili, programu ya tableti kwa kawaida inalitandaza eneo la kalamu juu ya skrini zote mbili kwa pamoja: mkono unakwenda sentimita moja, kishale kinakimbia mara mbili yake, na duara linatoka yai. Watu hudhani kalamu imeharibika. Fungua mipangilio ya tableti, tafuta sehemu ya skrini, chagua moja tu. Huduma ya nusu dakika.

Nilivyoipata ni hivi. Kariakoo kuna maduka yanayouza skrini zilizotoka maofisini Ulaya na Dubai, zimepangwa wima sakafuni kama vitabu. Muuzaji alinipeleka kwanza kwenye mpya, ya inchi 22, ndani ya boksi lake.

“Dada, chukua hii, ina waranti. Hiyo unayoishika ni ya zamani.”

Bei zilikuwa karibu sawa. Nilikuwa na flashi yenye picha ya kisutu, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, nikamwomba aziwashe zote mbili. Kwenye ile mpya, nikikaa wima, nyekundu ilikuwa nyekundu. Nikiinama kidogo, iligeuka, na weusi ukapauka kuanzia chini kwenda juu. Ile ya zamani haikubadilika nikiwa nimesimama, nimeinama, wala nimekaa pembeni. Tofauti iko kwenye aina ya kioo. U2415 ni IPS, na vioo vya IPS vinashika rangi ukivitazama kutoka pembe yoyote. Vioo vya bei ya chini vya aina ya TN havishiki. Kwa mtu wa hesabu na barua hilo halina uzito. Kwa mtu anayeamua kama nyekundu hii inakaa na maruni ile, ndilo jambo la kwanza. Nilitoa shilingi 320,000 pamoja na kebo, nikaibeba kwenye bajaji nikiwa nimeipakata.

Sasa rangi zenyewe. Kioo cha laptopu yangu, kwa maelezo ya mtengenezaji wake, kinabeba asilimia 45 ya rangi za NTSC, kipimo cha zamani cha televisheni, takriban theluthi mbili ya rangi za sRGB, ambazo ndizo kipimo cha kawaida cha picha za kompyuta. Theluthi iliyokosekana iko kwenye rangi kali, na kanga ni kitambaa cha rangi kali. Nyekundu ya laptopu inaelemea machungwa. Samawati na urujuani zinakaribiana mno. U2415 ilipotoka kiwandani iliahidiwa kufika asilimia 99 ya sRGB, kila moja ikiwa imepimwa kabla ya kufungwa kwenye boksi. Yangu ina umri wa karibu miaka kumi, na taa ya nyuma ya kioo huchoka, kwa hiyo sidai kwamba bado iko pale pale. Hata hivyo, nikiiweka kanga halisi kando ya skrini, mchana, dirisha likiwa ubavuni mwangu, macho yangu hayagombani. Kwenye laptopu yanagombana.

Tuelewane hapa, maana nimesikia watu wakisema skrini nzuri inakuhakikishia rangi ya kitambaa. Haikuhakikishii. Kiwandani kila rangi ya kanga ina skrini yake ya kuchapia, yaani wavu wa kupitishia rangi, na rangi yake iliyochanganywa kwenye pipa, na kinachoamua ni kitabu cha vipande vya rangi na kile kipande cha majaribio wanachokutumia. Skrini nzuri inakusaidia hatua moja nyuma ya hapo: unafikishia kiwanda uamuzi ulioufanya ukiwa unaona. Rangi nne zinazopendana kwenye kioo kinachosema kweli zina nafasi kubwa ya kupendana kwenye pamba.

Jambo moja lilinisumbua mwanzoni, na ni la kebo, si la skrini. Nilitumia HDMI, na weusi wa kisutu ukawa wa kijivu, kama kitambaa kilichofuliwa sana. Chanzo chake ni kwamba baadhi ya kompyuta zikiona HDMI zinadhani zimeunganishwa na televisheni, zinapeleka picha iliyobanwa: badala ya kuanzia 0 hadi 255, zinaanzia 16 hadi 235. Skrini inaupokea weusi wa 16 na kuuonyesha ulivyo, kijivu. Kwenye kompyuta zenye chipu ya picha ya Intel, fungua programu yao ya kusimamia picha, nenda kwenye sehemu ya skrini, utakuta mpangilio wa upana wa rangi, chagua “Full”. Weusi ukarudi mara ile ile. Ningeweza pia kutumia DisplayPort, ambayo kwa kawaida haina tatizo hilo, na U2415 ina tundu la DisplayPort, la Mini DisplayPort na ya HDMI mawili. Kama laptopu yako ina USB-C, angalia kwanza kama tundu hilo linatoa picha, kwa sababu si kila USB-C inatoa. Alama ya radi au ya herufi D pembeni mwa tundu ni dalili njema. Bila alama, soma maelezo ya laptopu kabla hujanunua kebo.

Mwangaza niliushusha mpaka karibu 40 kati ya 100. Skrini za ofisini huja zimewashwa mno, na mwangaza mkali unakudanganya: unachora rangi nzito zaidi kuliko unavyotaka kwa sababu kioo kinazing'arisha. Kipimo kinachotumiwa sana kwa kazi ya rangi ni kandela 120 kwa mita ya mraba. Sina kifaa cha kupimia, kwa hiyo niliweka karatasi nyeupe kando ya kioo cheupe na kushusha mpaka vikalingana. Siyo sayansi kamili, lakini macho yanapumzika na kazi inanyooka.

Kazi inavyokwenda sasa ni hivi. Inkscape, programu ya kuchorea, ina amri ya kufungua dirisha la pili la faili lile lile. Krita na Illustrator wanayo pia. Dirisha moja naliacha kwenye U2415, kanga nzima, bila kuligusa. La pili liko kwenye laptopu likiwa limevutwa kwenye kona ya pindo. Ninapokunja mkia wa korosho kwenye laptopu, korosho zote za pindo, ambazo ni nakala zilizofungamanishwa na hiyo moja, zinakunjika kwenye skrini kubwa sekunde ile ile, na naona kama mkunjo ule umelifanya pindo liwe na mwendo au limechafuka. Zamani jibu hilo nilikuwa nalipata baada ya kuvuta nyuma, na nikishavuta nyuma nimesahau nilichokuwa nakitafuta. Huu ndio ubora wote wa skrini ya pili kwa kazi yetu. Wanaosema inakupa nafasi ya kufungua vitu vingi hawajakosea, lakini nafasi hiyo nimeitumia kidogo sana. Barua pepe na muziki haviingii kwenye kioo hiki.

Kwa michoro ya kujirudia, Krita ina kitufe cha W kinachoitandaza karatasi yako pande zote bila kikomo, kipande kikigusana na kipande. Kukitazama kitu hicho kwenye kioo cha inchi 24 ni tofauti kabisa. Mstari mweupe unaojitokeza mahali vipande vinapokutana, ule ambao kwenye laptopu unauona baada ya kuambiwa, hapa unajitangaza wenyewe. Kanga moja ina pindo pande zote nne, na pembe nne za kukutanisha. Wanaochora wanajua pembe zinavyoweza kula siku nzima.

Kisha kuna wateja. Mama mmoja anayeuza doti kwa jumla huja mwenyewe kila anapotaka toleo jipya. Hataki picha za simu. Kitako cha U2415 kinazunguka kushoto na kulia, kinapanda na kushuka, kwa hiyo naigeuza imwelekee yeye, naficha vitufe vyote, abaki na kanga tupu. Laptopu inabaki upande wangu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hilo jina mbona umelilaza chini hivyo? Mtu akijifunga litaingia kwenye mkunjo.”

Nikalipandisha kwa kidole kimoja kwenye laptopu, akaliona likipanda mbele yake.

“Hapo. Simama hapo hapo. Sasa punguza hizo nukta za katikati, zinagombana na maneno.”

Tulimaliza kikao kimoja kanga ambayo kwa picha za simu ingetuchukua wiki ya kutumiana. Yeye anaijua kanga mwilini, jinsi inavyokaa kiunoni na mgongoni, mahali jina linaposomeka mtu akipita. Mimi naijua ikiwa imetandazwa. Skrini kubwa iliyogeuzwa upande wake inampa nafasi ya kusema anachokijua bila kuinama juu ya bega langu na kufinya macho. Kwa hilo peke yake naipenda skrini hii.

Mpangilio wa meza unahitaji subira kidogo. Pikseli za laptopu ya inchi 14 zimesongamana, 157 kwa inchi, na za U2415 ni 94. Dirisha ukilisogeza kutoka moja kwenda nyingine linavimba au linanywea. Kwenye Windows nimeiweka laptopu asilimia 150 na skrini asilimia 100, na vitu vinakaribiana ukubwa. Programu za zamani zinaweza kuonyesha herufi zenye ukungu kwenye moja ya vioo. Mara nyingi dawa ni kuifanya skrini utakayozitumia kuwa skrini kuu ya Windows, kisha kuzifunga na kuzifungua upya. Kuhamisha dirisha bila kipanya, shika kitufe cha Windows na Shift halafu mshale. Skrini kubwa ikae mbele ya uso wako kabisa, umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wa juu usawa wa macho, laptopu ikiwa chini yake au pembeni. Ukiziweka zote mbili pembeni, moja kushoto moja kulia, shingo itakushitaki jioni.

Umeme ukikatika, laptopu inaendelea na betri yake, skrini inazima. Faili halipotei, lakini madirisha yaliyokuwa kule yanaweza kubaki huko usiyaone. Bonyeza Windows na P, chagua skrini ya kompyuta peke yake, yatarudi. Nimeweka UPS ndogo, ile betri ya akiba, si kwa ajili ya kufanya kazi gizani, bali kwa sababu umeme unavyorudi kwa kishindo ndivyo vifaa vinavyokufa. Skrini haili umeme mwingi, na kwenye LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, sijaona badiliko la kunishtua.

Inakosa nini? Haina spika, ina tundu la kutolea sauti tu. Haichaji laptopu kwa waya mmoja kama skrini mpya za USB-C, kwa hiyo meza ina nyaya. Ina matundu ya USB, ambayo hayafanyi kazi mpaka uunganishe kebo nyingine, yenye kichwa cha mraba kama ya printa, na maduka ya mtumba aghalabu hawaitoi. Gizani, picha ikiwa nyeusi tupu, pembe za kioo zinatoa mng'ao hafifu, na hiyo ni tabia ya IPS kwa jumla. Anayechonga video za 4K, au anayetaka rangi pana kuliko sRGB, hii si yake. Herufi ndogo za maandishi si kali kama za laptopu. Kwa kusoma kurasa nyingi narudi kwenye laptopu.

Nilijaribu pia njia za bila gharama. Televisheni ya sebuleni ya inchi 32 ina pikseli 1366 kwa 768, chache kuliko za laptopu yenyewe, zimetandazwa kwenye kioo kikubwa. Mistari myembamba inakatika vipande na televisheni inaziongezea rangi chumvi kwa hiari yake. Tableti ya Android kwa njia ya Wi-Fi inachelewa nyuma ya mkono na picha inabanwa. Inafaa kuwekea picha ya mfano unayoitazama unapochora, si zaidi.

Ukienda dukani kutafuta U2415 au ndugu zake, beba flashi yenye picha tupu za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Kwenye nyeupe tafuta umanjano upande mmoja, ambao ni taa iliyochoka. Kwenye nyeusi tafuta nukta inayowaka, kwenye rangi nyingine nukta iliyokufa. Acha iwake robo saa ukiwa unaongea bei, kwa sababu kasoro nyingine hujitokeza ikishapata joto. Bonyeza vitufe vyote vya menyu. Pandisha na kushusha kitako. Kama hakipo, nyuma kuna matundu manne ya skrubu ya kipimo cha VESA, milimita 100 kwa 100, mkono wa mezani wa kushikilia skrini wenye kipimo hicho utaingia, basi omba upunguziwe. Usiichanganye na U2412M, yenye umbo lile lile na pikseli zile zile, maana hiyo haina HDMI kabisa; hiyo ilipe nusu. U2415 safi, yenye kitako na kebo, mpaka 350,000 ningeilipia tena. Wakivuka hapo, geuka uende duka la jirani, zimejaa.